Sola ya Mkopo Kigoma: Kampuni ya Nishati ya Kijani Inauza Nini Hasa?

Ukipita stendi ya Kasulu au soko la Mwanga mjini Kigoma siku yenye watu, hukosi kumwona kijana mwenye fulana ya rangi kali, meza ndogo, paneli imeegeshwa kwenye mwavuli, taa tatu zinawaka mchana kweupe. Bango nyuma yake linazungumzia nishati safi, mazingira na maisha endelevu. Mteja anayesogea haulizi hata moja kati ya hayo. Anauliza, "Kwa siku shilingi ngapi?"

Kwa maoni yangu mteja ndiye ameuliza swali zito. Bango linaeleza jambo ambalo kampuni ingependa lisifiwe. Bei ya siku inaeleza kampuni inavyoishi. Na ukitaka kujua kama maisha ya watu wa Kigoma yanakuwa endelevu kweli, yaani yanaweza kuendelea hivyo miaka ishirini ijayo bila kumaliza msitu, ziwa wala mfuko, lazima uanzie kwenye hiyo bei.

Kilichofanya biashara hii iwezekane ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008. Kabla ya hapo hakuna kampuni ingeweza kukusanya shilingi mia tano mia tano kutoka kwa watu walioko Kalya, kusini kabisa mwa Uvinza; nauli ya mkusanyaji ingekula makusanyo yote. Simu ilipogeuka pochi, ikawa rahisi. M-KOPA ilianza Kenya 2012, na miaka hiyohiyo Off Grid Electric ikaanzia Arusha, ile ambayo baadaye ilijiita ZOLA. Mobisol ya Ujerumani ikaja, na leo jina mojawapo linalosikika sana ni Sun King. Vifaa vinatofautiana, lakini mtindo ni uleule: kianzio kidogo, kisha marejesho ya siku, wiki au mwezi, mpaka deni liishe na mtambo uwe mali yako.

Boksi lenyewe lina mambo matatu ndani. Kuna betri. Kuna kidhibiti kinachozuia paneli isiijaze betri kupita kiasi na taa zisiinyonye mpaka ife. Na kuna saa ya deni. Ukilipa kwa simu unatumiwa tarakimu kwa ujumbe mfupi, unazibonyeza kwenye boksi, boksi linakuongezea siku. Mengine yana laini yake ndani na yanapokea amri moja kwa moja kutoka kampuni. Siku zikiisha linakata. Jua linaweza kuwa linawaka kama kawaida ya Agosti, betri imejaa pomoni, na bado nyumba ikalala giza. Hiyo saa ndiyo dhamana ya mkopo: benki ingetaka hati ya kiwanja, kampuni ya sola inashika swichi.

Tupige hesabu ya umeme wenyewe, maana hapa ndipo wateja wengi wanapouziwa ndoto. Chukua paneli ya wati 50. Kigoma ina jua la maana la wastani wa saa tano hivi kwa siku, kwa hiyo paneli inatoa kama wati-saa 250, na ukitoa upotevu wa njiani zibaki 200. Televisheni ndogo ya wati 20 ikiwaka saa nne imekula 80. Taa nne za wati 3 kwa saa tano, 60. Simu mbili, 20 au zaidi kidogo. Redio inapata chake. Inatosha, na kwa nyumba iliyokuwa inatumia koroboi hayo ni mabadiliko makubwa. Masika yakiingia, mawingu yakikaa siku mbili tatu juu ya milima ya Heru, televisheni inasubiri na taa zinaendelea. Wakala mwema atakwambia hivyo kabla hujasaini. Wengine watasema inawaka tu, mama, haina shida.

Sasa linganisha na gridi. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo wati-saa 250 kwa siku ni uniti saba na nusu kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Umeme uleule kwake haufiki shilingi 1,000 kwa mwezi, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwenye sola ya mkopo, tuseme analipa 1,000 kwa siku, amelipa 30,000 mwezi huohuo.

Mtu akiona hivyo anasema tunaibiwa. Haraka hiyo haifai. Anayelipa 30,000 ananunua paneli, betri, taa, waya na pengine televisheni, na ananunua kwa mkopo bila dhamana nyingine. Ndani ya bei kuna riba ya fedha ambazo kampuni imekopa, mara nyingi kwa dola, huku wewe unalipa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, pengo linaingizwa kwenye bei ya wateja wapya. Kuna kamisheni ya wakala, mafuta ya bodaboda yake, fundi, kituo cha simu. Kuna pia deni la wale watakaoshindwa kulipa, ambalo wewe unayelipa vizuri unalibeba bila kuambiwa. Na mwenye sola, akimaliza, halipi tena umeme.

Halafu kuna suala la nani analinganisha na nini. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma uliishi nje ya Gridi ya Taifa, TANESCO ikiunguruma kwa majenereta ya dizeli. Gridi ilianza kuingia mkoani mwaka 2022. Kuunganishwa kijijini kupitia miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni shilingi 27,000, bei nafuu kabisa, lakini nguzo ikifika kituo cha afya na shule haina maana imefika kitongojini. Mtu wa kitongoji kisicho na nguzo hapimi sola dhidi ya uniti ya shilingi 100. Anaipima dhidi ya mafuta ya taa, ambayo serikali iliyapandishia ushuru mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, dhidi ya betri za tochi zinazoisha kila wiki, na dhidi ya kibanda cha kuchaji simu senta. Kwa kipimo hicho boksi linaweza kumfaa.

Ninapoona kasoro kubwa ni kwenye kalenda. Saa ya deni inahesabu siku zote sawa, na Kigoma hakuna mwenye siku zilizo sawa. Kibirizi na Katonga dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa hauvuti kitu, mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu. Mama anayeanika dagaa pale mwaloni anamwambia wakala, "Sasa mwanangu, mwezi umejaa, hela nitaitoa wapi?" Kijana anajibu kwa adabu, "Mama, linajizima lenyewe, si mimi." Wote wawili wanasema kweli. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili ziwa lipumzike. Fikiria mkataba wa malipo ya kila siku ndani ya miezi mitatu ya namna hiyo. Kule Manyovu fedha ya kahawa huja kwa msimu. Urambo na Kaliua, upande wa Tabora, mkulima wa tumbaku anasubiri masoko na malipo kupitia chama chake cha msingi, na malipo yana tabia ya kuchelewa.

Nyumba iliyozimiwa boksi hairudi kwenye uendelevu wowote. Inarudi kwenye koroboi. Kwa hiyo kampuni inayomruhusu mkulima kulipa kwa mkupuo baada ya mauzo, au inayompa mvuvi siku za kusamehewa mwezi ukiwa mkubwa, imefanya kazi ya mazingira kuliko ile iliyopanda miche mia mbele ya kamera. Jambo hili hulioni kwenye mabango kwa sababu halipigiki picha.

Ziwani ndiko sola imefanya jambo ninaloliheshimu bila masharti mengi. Wavuvi wa zamani walitegemea karabai. Mtumbwi ulibeba kadhaa, kila moja ikinywa mafuta ya taa usiku kucha, ikipigwa pampu kila mwanga unapofifia, kioo kikipasuka kwa tone la wimbi, na anayepampu akivuta moshi mpaka alfajiri. Siku hizi utaona taa za LED zimefungwa kwenye vijiti, waya umeshuka mpaka kwenye betri iliyofunikwa nailoni, na asubuhi betri inapelekwa kuchajiwa, kwa sola au kwa umeme wa mjini. Gharama ya usiku imeshuka, mafuta hayamwagiki majini, kifua kimepumzika.

Masharti yapo hata hivyo, machache. Taa ikiwa rahisi, mtu anaongeza taa. Mwanga ukiongezeka na mitumbwi ikiongezeka, dagaa na migebuka hawaongezeki kwa sababu hiyo; ziwa lilelile lililolazimika kupumzishwa linavuliwa kwa nguvu zaidi, kwa nishati safi. Hapa kampuni ya taa haina kosa, ila pia haiwezi kudai imeokoa ziwa. Na betri wanazotumia wengi ni zile za maji, N50 au N70 ya gari, zenye risasi na tindikali ndani. Zikinyonywa kila usiku mpaka zikauke hazidumu, na zikifa zinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Risasi ina thamani, kwa hiyo haitupwi. Tatizo ni tindikali inayomwagwa nyuma ya nyumba ili betri iwe nyepesi kubebwa, na watoto wanaocheza hapohapo. Mitambo mipya ya majumbani mingi ina betri za lithiamu, hazina risasi, zinadumu zaidi, lakini hakuna mnunuzi wa chakavu anayezitaka. Hizo ndizo zinazoishia jalalani.

Kuna pato jingine ambalo mteja halioni kabisa, nalo ni kaboni. Mkopo wa kaboni mmoja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo mtu anadai haikutoka, au imefyonzwa, kwa sababu ya mradi wake. Kampuni ya Ulaya inayochafua inanunua hizo tani ili ihesabike imepunguza. Kampuni zinazouza taa au majiko Afrika zinaweza kuzikusanya na kuziuza. Chukua nyumba iliyokuwa ikitumia lita tatu za mafuta ya taa kwa mwezi: lita 36 kwa mwaka, na lita moja ikiungua hutoa takriban kilo mbili na nusu za hewa ukaa. Ni kilo 90. Zinahitajika nyumba kumi na moja hivi kupata tani moja. Taa peke yake haina utajiri wa kaboni, ndiyo maana wenye kutafuta fedha hizo hukimbilia majiko.

Ujanja wote uko kwenye swali la "ingekuwaje kama mradi usingekuwepo". Ukisema nyumba ingeendelea na koroboi, tani zinapatikana. Lakini vijiji vingi vilikuwa vimeshaachana na koroboi kwa tochi za Kichina za bei ndogo kabla wakala hajafika. Hapo ulichookoa ni betri za tochi. Kwa majiko ni vilevile: unadai jiko banifu limeondoa kuni nusu, wakati mama analitumia kwa chai na anarudi kwenye mafiga akipika ugali wa watu tisa. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability ulikagua miradi ya majiko ya nchi mbalimbali na kukuta mikopo iliyotolewa ilizidi kilichookolewa kweli karibu mara tisa. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022 na ina kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kama umepewa jiko kwa bei ya kutupa na ukasainishwa karatasi, huenda umesaini kumpa kampuni haki ya tani hizo. Kuna ubaya? Si lazima. Ila ujue jiko halikuwa la sadaka.

Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, Katavi, wana kaboni ya aina nyingine: vijiji vya milima ya Ntakata vinalipwa kwa msitu uliobaki umesimama, na fedha inaingia kijijini, ikajenga madarasa na zahanati. Pale mwanakijiji ndiye muuzaji. Kwenye taa na majiko, mwanakijiji ni mnunuzi na muuzaji ni kampuni. Tofauti hiyo nadhani ina uzito kuliko maneno yote ya uendelevu yaliyochapwa kwenye fulana.

Na majiko yametufikisha mahali ambapo meza ya wakala inanyamaza. Nishati kubwa ya kaya ya Kigoma na Tabora haiko kwenye taa, iko jikoni. Paneli ya wati 50 haiwezi kupika hata chai. Jiko la umeme la wati 1,000 lingehitaji paneli ishirini za namna hiyo na betri ambayo bei yake hutaki kuisikia. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na taa nne, televisheni, redio, kampuni ikaihesabu kuwa kaya ya nishati safi, na uani kuna mafiga matatu na mzigo wa kuni uliotoka miomboni. Mkaa ndiyo mbaya zaidi: tanuri la udongo la kienyeji linaweza kula kilo sita hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Tabora inaongeza mabani ya tumbaku, vibanda ambamo majani hukaushwa kwa moto wa kuni siku kadhaa mfululizo, msimu baada ya msimu. Kasulu kuna Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, ambako kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji kwa muda mrefu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Gesi imefika mjini Kigoma, imefika Kasulu, lakini mtungi ukiisha kijijini nauli ya kwenda kuujaza inaushinda bei. Njia ninayoiona ina mantiki pale gridi ilipofika ni sufuria ya presha ya umeme. Maharage ambayo kwenye mkaa yanachemka nusu siku, humo yanaiva kwa nusu uniti hivi. Kampuni za sola zina mtandao wa mawakala, zina utaratibu wa marejesho, zina majina ya walipaji wazuri. Zinaweza kukopesha sufuria hiyo kesho asubuhi. Badala yake nyingi zimeona faida kwenye simu za mkopo. M-KOPA, iliyoanza na sola, leo inajulikana zaidi kwa simu. Simpingi mfanyabiashara, lakini simu ya mkopo haina ukijani wowote.

Wapo waliogundua mapema kwamba mambo haya hayatenganishwi. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ilianzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, vilima vikiwa vimebaki vipara. Miche, majiko banifu, afya na mikopo midogo ya akina mama viliwekwa kwenye kapu moja. Hawakuanza kwa kuuza kifaa, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanataka nini. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole na hailipi mwekezaji, ndiyo sababu hutaiona kwenye meza ya stendi.

Kinachobaki ni siku mtambo unapoharibika. Paneli nzuri hufika miaka 25, betri haifiki huko, na boksi likiingia mchwa au radi halifiki popote. Mobisol iliomba ufilisi Ujerumani mwaka 2019 na ikanunuliwa na ENGIE, kampuni ya nishati ya Ufaransa. Wateja wake walikuwa na bahati kwamba kuna aliyerithi madeni na huduma. Kampuni ikifa bila mrithi, ni nani atakayetoa tarakimu za kufungulia boksi uliloshalilipia robo tatu? Swali hili liulize kabla ya kianzio. Uliza pia dhamana ya betri ni miaka mingapi, fundi anakaa wapi kwa jina la kijiji, kama boksi likifunguliwa moja kwa moja mwisho wa deni fundi yeyote wa mtaani anaweza kuligusa, na betri iliyokufa inarudishwa wapi. Wakala akisema "kampuni itashughulikia", muombe aoneshe mahali kwenye karatasi.

Na kama nguzo za REA zinakaribia kitongoji chako, subiri kidogo, au chukua mtambo mdogo wa taa tu ambao deni lake linaisha ndani ya mwaka. Waliomaliza madeni yao Kasulu kabla gridi haijafika hawakuupoteza mtambo: wameunganishwa TANESCO, wanapiga pasi kwa umeme wa LUKU, na umeme ukikatika jioni ni taa zao za sola zinazobaki zinawaka mtaa mzima.